Chombo, Fundi na Umma: Funzo la Historia ya Baiskeli kwa Gando

Utangulizi

Katika madarasa ya siasa tumezoea kuuliza: nani anamiliki nyenzo kuu za uzalishaji? Tunataja ardhi, viwanda, mabenki, bandari na majumba makubwa ya biashara. Ni haki kuvitaja, maana ndivyo vilivyotumika kumnyonya mkulima na mfanyakazi. Lakini ni mara chache tunauliza swali hilohilo kuhusu vyombo vidogo ambavyo mnyonge anavishika kila siku: jembe, panga, ngarawa, cherehani, baiskeli. Tunadhani kwamba kwa kuwa vyombo hivyo vimo mikononi mwa mwananchi mwenyewe, basi swali la umilikaji limekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba halijakwisha.

Tuchukue mfano wa Gando, katika Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba, mkabala na visiwa vya Fundo na Njao. Watu wa sehemu hii ya Pemba wanaishi kwa karafuu, kwa muhogo na mpunga, kwa uvuvi na uchuuzi. Kati ya shamba, pwani, skuli na soko la Wete kuna mwendo, na mwendo huo ni sehemu ya kazi. Kutoka Wete hadi Gando ni kilomita zipatazo 15. Mchuuzi wa samaki anayefunga tenga lake nyuma ya baiskeli alfajiri anashindana na jua. Tairi likipasuka njiani, kazi ya wavuvi waliokesha baharini inaanza kuoza mbele ya macho yake. Hapo swali la nani anaijua baiskeli linakuwa swali la chakula cha jioni cha watoto.

Hoja yetu ni hii. Mtu mwenye chombo asichoweza kukifungua na kukifunga anakimiliki nusu. Nusu ya pili iko kwa aliyekitengeneza, kwa anayeuza vipuri vyake, na kwa yule anayeshika spana. Historia ya baiskeli katika nchi yetu ni historia ya mapambano juu ya nusu hiyo ya pili. Tukiisoma vizuri tutaona kwa nini karakana ya jamii, mahali ambapo kila mtu anajifunza kutengeneza baiskeli yake mwenyewe, ni jambo linalostahili kufikiriwa na kila kada.

Chombo kilichozaliwa pamoja na damu ya mpira

Baiskeli ya namna tunayoijua leo, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaosukuma gurudumu la nyuma, ilitokea Uingereza mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley wa mji wa Coventry. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la kujazwa upepo. Kabla ya hapo mpandaji alitikiswa mifupa juu ya magurudumu magumu. Baada ya hapo baiskeli ikawa nyepesi na ya raha, na viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kuzitoa kwa wingi.

Mpira ulikuwa ukitoka wapi? Sehemu yake kubwa ilitoka misituni, na sehemu ya kutisha zaidi ilitoka kwa majirani zetu wa Kongo. Mwaka huohuo wa 1885 mabeberu walikuwa wamemkubalia Leopold II, Mfalme wa Ubelgiji, aifanye nchi ile kuwa mali yake binafsi. Mahitaji ya mpira yalipopanda, wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu wa mpira-mwitu. Wake zao waliwekwa rehani mpaka kiasi kilichotakiwa kitimie. Vijiji vilichomwa, na mikono ya watu ilikatwa. Hali hiyo iliendelea mpaka kelele za dunia zilipomlazimisha Leopold kuikabidhi nchi hiyo kwa dola ya Ubelgiji mwaka 1908, na hata baada ya hapo kazi ya kulazimishwa haikwisha.

Kwa hiyo Mwafrika alilipia baiskeli kabla hajaipanda. Tunalisema hili ili lieleweke kwamba chombo hiki hakikuja kwetu kama zawadi ya ustaarabu wa mtu yeyote. Jasho na damu ya bara letu vimo ndani ya tairi lake la kwanza. Anayejifunza kuziba tundu la mpira leo anajifunza kazi ambayo gharama yake tulikwisha kuitoa.

Baiskeli katika Pemba ya wakoloni

Pemba iliingia katika uchumi wa dunia kwa mlango wa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiharibu sana mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa salama zaidi, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa kikuu cha zao hilo. Kazi ilifanywa na watumwa. Hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria mwaka 1897, chini ya himaya ya Uingereza iliyoanza mwaka 1890, walioachwa huru walibaki bila ardhi na wakageuka wachumaji wa kulipwa kwa pishi. Magunia yalibebwa kichwani, kwa punda na kwa vyombo vidogo vilivyopita katika ghuba na mikoko.

Katika hali hiyo baiskeli ilipoingia haikuwa chombo cha mchumaji. Kama ilivyokuwa kotekote Afrika Mashariki, waliotangulia kuipanda ni karani, askari, mwalimu na mwenye mali. Ikawa alama ya cheo. Baadaye, msimu ulipokuwa mzuri, mkulima wa kati naye alinunua. Aina zilizojulikana zaidi zilikuwa za Uingereza, kama Raleigh ya Nottingham: nzito, nyeusi, ndefu, zenye breki za fito za chuma. Mkoloni aliuza baiskeli, lakini hakuleta skuli ya kuitengeneza. Uchumi wa kikoloni ulitaka mnunuzi wa vipuri, na mtu anayejua ni mnunuzi mbaya.

Fundi wetu alizaliwa katika ufa huo. Hakuna aliyempa cheti. Alikaa chini ya mwembe au kando ya duka, akafungua, akaangalia, akakosea, akafunga tena. Aligundua kwa mikono yake kwamba gurudumu la mbele la baiskeli zile lina spoki 32 na la nyuma 40, akaelewa sababu: mzigo uko nyuma. Aligundua kwamba hesi ya pedali ya kushoto imegeuzwa, hivyo asiyejua akiifungua kwa nguvu za kawaida anazidi kuikaza mpaka anaiharibu. Alijua kuzirudisha gololi ndani ya kitovu cha gurudumu kwa kuzishikiza kwa grisi zisianguke mchangani. Haya yote ni maarifa ya kisayansi. Yalipatikana nje ya darasa, na kwa sababu hiyo wasomi wetu waliyadharau kwa muda mrefu. Bado wapo wanaoyadharau.

Mapinduzi na Phoenix

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadili uhusiano wa ardhi na mwanadamu katika Visiwa. Ardhi ilitaifishwa mwaka huohuo, na familia zilianza kugawiwa eka tatu. Elimu ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964. Biashara ya nje iliingia mikononi mwa dola, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilianzishwa mwaka 1968. Zanzibar ilifungua uhusiano wa karibu na Jamhuri ya Watu wa China, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imeifanya baiskeli kuwa chombo cha wafanyakazi wake wote.

Ndipo jina la Phoenix, baiskeli ya Shanghai, lilipozoeleka vinywani mwa watu wa Unguja na Pemba. Kwa umbo ilifanana sana na ile ya Kiingereza: tairi la inchi 28, chuma kizito, karia imara ya nyuma. Tofauti kubwa ilikuwa katika mpandaji. Kiti alichokalia karani sasa kilikaliwa na mvuvi, mkulima wa eka tatu na mwanafunzi.

Katika miaka hiyo kada alikuwa akifundishwa pia mfano wa Vietnam, na tunafikiri mfano huo haukufafanuliwa vya kutosha. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, wananchi wa Vietnam walipeleka chakula na risasi milimani kwa maelfu ya baiskeli. Nyingi zilitengenezwa Ufaransa, yaani katika nchi ya adui mwenyewe. Hawakuzipanda. Walizisukuma, wakaongeza kipande cha mwanzi kwenye usukani ili kuziongoza, wakaimarisha fremu, na baiskeli moja ikabeba kilo 200 na zaidi. Mara nyingi tumeusimulia mfano huu kama habari ya ushujaa. Ni kweli ushujaa ulikuwapo, lakini ushujaa hauzibi pancha. Kilichoigeuza baiskeli ya Mfaransa kuwa silaha dhidi ya Mfaransa ni kwamba maelfu ya wakulima walijua kuifungua, kuibadili na kuifunga upya usiku, njiani, bila kumngoja mtaalamu.

Miaka ya uhaba na siri ya fundi

Kwa upande wa Bara, Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea vilitolewa mwaka 1967. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulifafanua kwamba jambo lolote linalowapa wananchi uwezo zaidi wa kuyaamulia mambo yao ni maendeleo, hata kama papo hapo halileti chakula zaidi. Mwaka 1973 liliundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Huko Dar es Salaam kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO, ilitoa baiskeli aina ya Swala. Nia ilikuwa njema, lakini kama viwanda vingi vya wakati ule, nacho kilihitaji fedha za kigeni ili kuendelea.

Fedha hizo zilipotea. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliigharimu nchi sana. Bei ya karafuu ilianguka katika miaka ya 1980, na kwa Pemba hilo lilikuwa pigo la moja kwa moja nyumbani. Tairi, mpira wa ndani, gundi na mnyororo vikawa adimu.

Katika miaka hiyo umma ulionyesha unavyoweza. Mpira wa ndani uliokwisha kabisa ulikatwa viraka vya kuzibia mwingine. Ukanda wake ulifunga mizigo. Tairi lililochanika lilishonwa, au lilifungwa kipande cha tairi jingine kwa ndani. Baiskeli mbili zilizokufa zilizaa moja iliyo hai. Hatuna sababu ya kuutukuza uhaba, maana uhaba ni mateso. Lakini ni lazima tukiri kwamba baiskeli ziliendelea kutembea kwa sababu ya maarifa ya mafundi wa vijijini, na maarifa hayo hayakuandikwa katika mpango wowote wa maendeleo.

Hata hivyo, uchambuzi wetu hauwezi kuishia kwenye sifa. Ndani ya maarifa hayo kulikuwa na mgongano. Fundi alijifunza kwa taabu, na ujuzi wake ndio uliokuwa mtaji wake pekee. Kwa hiyo aliulinda. Mwanagenzi alikaa miaka akipuliza matairi na kushika taa kabla ya kuonyeshwa jinsi ya kunyoosha ringi. Mwenye baiskeli aliambiwa aiache na arudi jioni. Hatumlaumu fundi, mtu maskini halaumiwi kwa kuficha jembe lake moja. Tunachosema ni kwamba jamii haikumwekea utaratibu wa kumlipa kwa kufundisha, ikamwachia njia moja tu ya kupata riziki, nayo ni kutengeneza peke yake.

Na sisi viongozi tulikuwa wapi? Hapa inafaa tujisahihishe. Tunaikumbuka ofisi moja ya umma, haina haja ya kutajwa, iliyopewa baiskeli kwa ajili ya kazi za vijijini. Baada ya muda si mrefu tatu zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Moja ilikosa pini inayoshika mkono wa pedali, ya pili ilikosa valvu, ya tatu gololi za gurudumu la nyuma. Kwa saa mbili za kazi, baiskeli tatu zile zingeweza kuwa mbili nzima. Hakuna aliyelifikiri hilo. Tuliandika barua ya kuomba baiskeli mpya, tukaisubiri miezi, na wakati tukisubiri hatukwenda vijijini. Tulihubiri kujitegemea huku tukishindwa kushika spana. Umma uliliona hilo, na umma hausahau.

Soko huria, mitumba na pikipiki

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa Zanzibar. Vipuri vikaonekana tena madukani. Zikaja baiskeli kutoka India, zikaja zilizotumika kutoka Japani, zikaja zile za tairi nene za inchi 26 zenye gia nyingi. Mwananchi alipata nafuu, na anayekana hilo hasemi kweli. Lakini pamoja na nafuu ulikuja mchafuko wa vipimo. Tairi la baiskeli moja halikubali ringi ya nyingine. Valvu za namna mbalimbali zinataka pampu za namna mbalimbali. Breki za waya zinachukua nafasi ya breki za fito. Fundi aliyekuwa bingwa wa Phoenix akajikuta mwanafunzi tena, safari hii bila mwalimu. Vingi kati ya vyombo hivi vipya ni vya bei nafuu kwa sababu havikukusudiwa kudumu. Kinachovunjika kinatupwa, na pesa inarudi kulekule ilikotoka.

Kisha ikaja lami, na pamoja na lami ikaja pikipiki. Inafaa kukumbuka kwamba hata neno bodaboda lilianza na baiskeli, katika mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, ambako vijana walivusha abiria na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kijana wa leo anaiona baiskeli kuwa chombo cha waliochelewa. Hatutamwambia aiache pikipiki. Mgonjwa wa usiku hapelekwi Wete kwa hotuba. Tutamwomba apige hesabu. Kila kilomita ya pikipiki inanunuliwa kwa mafuta yanayotoka ng'ambo, na vijana wengi wanaoiendesha wanailipia kwa mkopo au kwa hesabu ya kila siku ya mwenye chombo. Baiskeli inakula ugali wa mpandaji. Kwa mwanafunzi, mchuuzi mdogo na mkulima wa shamba la karibu, bado ndiyo chombo anachoweza kukimiliki chote, madhali anajua kukitengeneza.

Karakana za umma katika nchi nyingine

Jambo tunalolizungumza si ndoto. Mwaka 1984, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwafadhili maadui wa mapinduzi ya Nicaragua, raia wa Marekani hiyohiyo walianzisha chama walichokiita Bikes Not Bombs, yaani baiskeli badala ya mabomu. Walikusanya baiskeli zilizotupwa wakazipeleka Nicaragua, na pamoja nazo wakapeleka zana na mafunzo. Baadaye chama hicho chenye makao yake Boston kilisaidia kazi ya namna hiyo katika nchi nyingine, ikiwamo Ghana, ambako katika mji wa Koforidua ushirika wa mafundi wenye ulemavu ulianza kuendesha karakana ya baiskeli. Huko Los Angeles, mwaka 2002, watu walianza kutengenezeana baiskeli ndani ya jiko la nyumba ya kupanga. Karakana iliyotokana na hapo bado inaitwa Bicycle Kitchen, jiko la baiskeli. Ufaransa ina mamia ya karakana za aina hii.

Utaratibu wao unafanana. Zana ni za wote na zinatundikwa ukutani zionekane. Baiskeli inawekwa juu ya stendi, mwenyewe anashika spana, na fundi anasimama kando na kueleza. Fundi akiinyakua spana kwa haraka, amevunja kanuni. Mtu anaingia na baiskeli mbovu na kutoka na vitu viwili: baiskeli nzima na ujuzi. Kuna anayelipa ada ndogo, na kuna asiye na pesa anayelipa kwa saa za kazi.

Lakini tuwe macho. Yako makontena ya baiskeli yanayoteremshwa katika bandari za Afrika kwa jina la msaada, bila spana hata moja na bila mtu mmoja aliyefundishwa. Baada ya mwaka zinakuwa chuma chakavu, na walioletewa wanafundishwa jambo moja tu, yaani kungojea kontena la pili. Msaada wa namna hiyo hautofautiani sana na ile barua yetu ya kuomba baiskeli mpya.

Nani ameachwa nje?

Katika historia yote tuliyoieleza mwanamke haonekani kwenye kiti wala kwenye spana. Katika Pemba msichana akipanda baiskeli yapo macho yanayomtazama vibaya, na wapo wanaosema ni utovu wa heshima. Tusidhani kwamba hili ni letu peke yetu, wala kwamba limeshuka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1890 wako madaktari na wachungaji wa Ulaya waliowakataza wanawake baiskeli kwa maneno makali kuliko hayo. Kikwazo kiliwekwa na watu katika historia, na watu wanaweza kukiondoa.

Kuna ushahidi wa faida yake. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar, nchini India, ilianza kuwapa wasichana walioingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Watafiti walipochunguza walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana wa umri huo ulikuwa umepanda kwa kadiri ya asilimia 32, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa waliokaa mbali na skuli. Umbali ulikuwa ukifanya kazi ya mlinzi wa lango. Nasi tukitaka binti wa Gando amalize skuli, tumwekee heshima yake ndani ya utaratibu: siku zake katika karakana, mwalimu mwanamke pale anapopatikana, na vazi lake la stara ambalo kinga ya mnyororo na ya gurudumu la nyuma huliwezesha bila taabu. Msichana anayejua kuziba tundu hategemei kusaidiwa njiani na mtu asiyemjua. Wazee wanaohofia usalama wa binti zao wana sababu hapo ya kuunga mkono.

Kazi iliyo mbele

Tunapendekeza nini? Karakana ya jamii haihitaji jengo la mawe wala mfadhili. Inahitaji banda lenye kivuli, karai la maji, pampu, seti mbili za spana, bisibisi, nyundo, koleo, chombo cha kukazia spoki, tupa, gundi, grisi na stendi ya miti inayoweza kutengenezwa na seremala wa kijijini. Inahitaji zaidi utaratibu, na kuhusu utaratibu tunaona mambo manne kuwa ya lazima:

(a) Fundi aliyepo awe ndiye mwalimu, na alipwe kwa kufundisha. Karakana inayomnyang'anya fundi riziki yake itapigwa vita naye, na atakuwa na haki. Kazi ngumu, kama kusuka gurudumu upya au kuchomelea fremu, zibaki kuwa za kwake.

(b) Mafunzo yaanze na yale yanayookoa siku ya mtu. La kwanza ni tundu: kutoa mpira, kuujaza upepo na kuuzamisha majini mpaka mapovu yaonyeshe tundu, kuukausha, kuukwaruza, kupaka gundi na kungoja ikauke kidogo kabla ya kiraka, kisha kupapasa ndani ya tairi kutafuta mwiba kabla ya kurudisha. Wengi husahau hilo la mwisho, wakaziba tundu lilelile mara mbili. La pili ni breki. La tatu ni mnyororo. Mwezi mmoja wa jioni unatosha.

(c) Skuli na vituo vya mafunzo ya amali, kama kile cha Vitongoji, vishirikiane na karakana. Baiskeli ni darasa la fizikia lisilohitaji maabara: nguvu ya wenzo, msuguano, uwiano wa gia, mgandamizo wa hewa. Mwanafunzi aliyehesabu meno ya gia kwa kidole hatausahau uwiano.

(d) Hesabu iwe wazi, na zana ziwe za jamii. Kiongozi asizigeuze kuwa zake, na baiskeli yake isitangulizwe kwenye foleni.

Lipo pia jambo la umoja. Tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992 Pemba imepita katika misukosuko mizito. Mwezi Januari 2001 roho za watu zilipotea. Zipo nyakati ambapo majirani walisusiana dukani, katika vyombo vya usafiri na hata misibani. Maridhiano ya mwaka 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 vilifungua njia nyingine, lakini maridhiano ya viongozi yanahitaji mahali pa kukaa chini kijijini. Watu wawili wanaoshika gurudumu moja, mmoja akizungusha na mwingine akikaza spoki, hawawezi kuifanya kazi hiyo bila kusemezana. Kwa hiyo mlangoni mwa karakana pasiulizwe kadi ya chama chochote.

Hitimisho

Tumeona jinsi mpira uliotoka Kongo kwa damu ulivyorudi Afrika ukiwa bidhaa, jinsi fundi alivyojifundisha mwenyewe chini ya mwembe, jinsi umma ulivyoyapita magumu ya uhaba kwa viraka, na jinsi sisi tuliosoma tulivyoandika barua badala ya kushika spana. Katika kila hatua baiskeli ilikuwa ileile, mirija ya chuma na magurudumu mawili. Lililobadilika ni nani anayeijua.

Kada anayekwenda Gando kuzungumzia kujitegemea ataulizwa maswali, na aliyeyauliza anaweza kuwa mchuuzi mwenye tairi lililopasuka na samaki juani. Tunashauri kada huyo aende na kiraka na gundi. Ajipige goti kando ya njia, na kama hajui kuziba, amwombe mchuuzi amfundishe.